Tairi Mbili Mpya Zifungwe Mbele au Nyuma? Mwongozo kwa Madereva wa Nakuru, Kericho na Kisumu

Mwenye gari dogo anapofika kwenye duka la tairi akiwa na fedha za tairi mbili badala ya nne, fundi humuuliza kama mpya zifungwe mbele au nyuma, na mara nyingi fundi huyo huwa ameshaegemeza jeki upande wa mbele kabla hajajibiwa. Mazoea hayo yameenea kutoka Nakuru hadi Busia. Hata hivyo, kwa gari dogo la abiria, tairi zenye mifereji yenye kina zaidi zinapaswa kufungwa nyuma, na jibu hilo halibadiliki, gari liwe linavutwa na magurudumu ya mbele kama Toyota Vitz, Fielder na Nissan Note, au liwe linasukumwa na magurudumu ya nyuma kama Toyota Mark X. Watengenezaji wakubwa wa tairi, Michelin miongoni mwao, wamekuwa wakitoa ushauri huo kwa miaka mingi. Mwongozo huu unaeleza sababu zake, namna ya kuzikagua tairi ulizo nazo kabla ya kulipa, na hali chache ambazo jibu lake ni tofauti.

Sababu kuu ni maji. Watu wengi hudhani kwamba mifereji iliyochongwa kwenye tairi ndiyo inayong'ang'ania lami, ilhali kwenye lami kavu tairi za magari ya mashindano huwa laini kabisa, hazina mfereji hata mmoja, na bado hushika vizuri kuliko za kwetu. Mifereji ni njia ya kutolea maji. Mvua inaponyesha, tairi hulazimika kuyasukuma maji kando na kuyapitisha kwenye mifereji ili mpira uiguse lami, na mifereji ikiwa imelika, maji hukosa pa kwenda, hujikusanya mbele ya tairi na mwishowe huliinua gurudumu likaelea. Tairi mpya ya gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Ikibaki na milimita 2, bado inaweza kuonekana nzuri kwa macho ya mtu anayeitazama ikiwa imeegeshwa juani, lakini uwezo wake wa kupitisha maji umebaki kidogo sana.

Upepo uliojazwa ndani ya tairi nao una sehemu yake. Kanuni iliyotokana na majaribio ya NASA kuhusu tairi za ndege katika miaka ya 1960 huonyesha kwamba tairi yenye upepo wa paundi 30 inaweza kuelea kwenye maji yaliyotuama ikifikia mwendo wa kilomita 90 hivi kwa saa, na upepo ukishuka hadi paundi 20 mwendo huo hushuka hadi kilomita 75 hivi. Hesabu hiyo haipaswi kuchukuliwa kama amri kwa kila gari, kwa kuwa upana wa tairi, kina cha mifereji na wingi wa maji hubadilisha mambo, lakini inaonyesha kwamba mwendo ambao dereva wa kawaida huutumia kati ya Mau Summit na Kericho uko ndani kabisa ya eneo la hatari. Kericho hupata mvua karibu kila mwezi, na mara nyingi hunyesha alasiri, wakati ambapo wasafiri waliotoka Nairobi asubuhi wanapita hapo wakiharakisha wafike Kisumu kabla ya giza.

Sasa tuchukue gari moja na kona moja, kwenye mteremko wa kutoka Kapsoit kuelekea Awasi, lami ikiwa imelowa. Ikiwa tairi zilizolika ziko mbele, zikikosa mshiko gari hukataa kukata kona na kwenda moja kwa moja zaidi ya dereva anavyotaka. Usukani huwa mwepesi ghafla mkononi, na wepesi huo ni onyo. Dereva akiogopa huondoa mguu kwenye mafuta, jambo ambalo kila mtu hulifanya bila kufundishwa, na bahati nzuri ndilo linalotakiwa: mwendo hupungua, uzito wa gari huegemea mbele, tairi za mbele hukandamizwa na aghalabu hushika tena. Gari laweza kutoka nje ya barabara, lakini likitoka hutangulia kwa pua, na dereva anaona linakokwenda.

Ikiwa tairi zilizolika ziko nyuma, mambo hugeuka. Sehemu ya nyuma ya gari huchomoka na kuanza kuipita ya mbele, na dereva hapati onyo lolote mikononi kwa sababu usukani haujaungwa na magurudumu ya nyuma. Akiondoa mguu kwenye mafuta au akikanyaga breki, kama woga unavyomwelekeza, uzito hukimbilia mbele na kuyaacha magurudumu ya nyuma yakiwa mepesi zaidi, kwa hiyo kile alichokifanya ili ajiokoe ndicho kinacholizungusha gari. Tiba yake ni kuugeuza usukani haraka kuelekea upande ule nyuma inakochomokea, kwa kiasi kinachofaa, kisha kuurudisha kabla gari halijarukia upande wa pili. Wako madereva wanaoweza kufanya hivyo. Ni wachache, na hata hao hawawezi kila mara wakiwa na lori la miwa mbele yao na basi nyuma.

Hapo ndipo hoja ya mafundi inapofaa kusikilizwa na kujibiwa kwa heshima. Wao husema kwamba breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, kwamba usukani uko mbele, na kwamba magari mengi yetu huvutwa na magurudumu ya mbele, na yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba gari likienda moja kwa moja, tairi za mbele hufyeka maji na kuziachia za nyuma njia iliyo afadhali. Lakini kwenye kona magurudumu ya nyuma hayapiti kwenye nyayo za yale ya mbele, bali hukata kwa ndani na kukutana na maji mapya. Zaidi ya hayo, gari dogo linalovutwa kwa mbele hubeba injini na giaboksi mbele, na dereva akisafiri peke yake bila mizigo, ekseli ya nyuma, yaani mhimili wenye magurudumu mawili ya nyuma, huwa nyepesi mno. Gurudumu jepesi ndilo linalohitaji mifereji mizuri, kwa sababu halina uzito wa kuyakandamiza maji yapishe.

Nadhani mazoea ya kupeleka mpya mbele yalitoka kwenye magari makubwa. Tairi ya mbele ya lori au basi ikipasuka, usukani humponyoka dereva, ilhali nyuma kila upande una tairi mbili au zaidi za kugawana mzigo, na ndiyo maana wenye mabasi na malori huziweka tairi zao bora mbele. Nchini Marekani sheria hukataza kabisa ritredi, yaani tairi kuukuu zilizovishwa uso mpya, kwenye magurudumu ya mbele ya basi. Desturi hiyo ni sahihi kwa lori la tani 20 linaloteremka Salgaa, na anayeendesha gari la namna hiyo asiufuate mwongozo huu. Kosa ni kuivisha Vitz kanuni ya lori.

Kukagua kabla ya kulipa

Anza kwa kupima kina cha tairi zote nne, kwa kuwa huwezi kuamua zipi ziende wapi kabla hujajua zikoje. Kipimo maalumu cha kina cha tairi ni kitu kidogo na hakina gharama kubwa, lakini ukikikosa, kijiti cha kiberiti na rula ya mwanafunzi vinatosha. Simamisha kijiti ndani ya mfereji mkuu hadi kiguse chini, weka ukucha wa kidole gumba pale kijiti kinapolingana na uso wa tairi, kisha kitoe na kukilaza kwenye rula bila kuusogeza ukucha. Hakikisha hujakisimamisha juu ya kile kituta kidogo cha mpira kilichomo ndani ya mfereji, maana hicho ni alama ya kuisha, na uso wa tairi ukilingana nacho, tairi imebaki na milimita 1.6 ambayo ndiyo kikomo cha sheria katika nchi za Ulaya. Pima sehemu tatu kwa upana: ndani, katikati na nje. Tairi nyingi za Kenya huonekana nzima upande wa nje unaoonekana, huku upande wa ndani umelika hadi nyuzi zinachungulia, kwa sababu ya alainimenti, yaani ulinganifu wa magurudumu, iliyoharibiwa na mashimo na matuta yasiyo na rangi. Ukikuta hali hiyo, hesabu tairi kwa pale ilipolika zaidi, na upange kuirekebisha alainimenti siku hiyo hiyo, la sivyo mpya nazo zitaliwa vivyo hivyo.

Kisha soma umri. Kwenye ubavu wa tairi, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne zilizozungushiwa umbo la yai. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Huenda ukalazimika kuinama au kulitoa gurudumu, kwa sababu tarakimu hizo mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, na mara nyingi huo ndio ulioelekea ndani. Hatua hii ina uzito wake, kwani neno "mpya" madukani kwetu lina mapana yake. Tairi ya mtumba iliyotoka Japani inaweza kuwa na milimita 7 na nywele za kiwandani bado zimesimama, lakini ikiwa imetengenezwa miaka kumi iliyopita mpira wake umeshakauka, na mpira mkavu huteleza kwenye lami iliyolowa hata mifereji ikiwa na kina cha kuzamisha kidole. Michelin hushauri tairi ikaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na iondolewe ikifika miaka 10 tangu itengenezwe hata kama inaonekana nzuri. Kwa hiyo, kanuni ya kupeleka nyuma zenye kina zaidi inahusu tairi zenye umri unaokaribiana. Tairi ya spea iliyokaa butini tangu gari lishushwe Mombasa haistahili kupewa ekseli ya nyuma eti kwa sababu haijawahi kugusa lami.

Ukaguzi wa tatu unahusu tairi za theluji, na mtu wa Kisumu anayecheka akisoma hivyo na akatazame gari lake kwanza. Magari mengi yanayoingia nchini hutoka Japani yakiwa yametumika, na yale yaliyotoka mikoa ya kaskazini kama Hokkaido hufika yakiwa yamevaa tairi za majira ya baridi. Utazitambua kwa neno STUDLESS ubavuni, kwa mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au kwa majina kama Blizzak ya Bridgestone. Uso wake una mikato mingi myembamba kama iliyochanjwa kwa wembe, na mpira wake ni laini ukiuminya kwa kidole. Ulaini huo umekusudiwa baridi ya chini ya nyuzijoto 7 hivi. Kwenye lami ya Kisumu inayochomwa na jua, mpira huo hulegea, hulika upesi, hurefusha umbali wa kusimama ukikanyaga breki, na kwenye kona gari huhisi kama linayumba juu ya godoro.

Kwao kwenye theluji, tairi hizo zina masharti yao: Austria hudai ziwe na angalau milimita 4 ili zihesabiwe kuwa za majira ya baridi, na za Japani huwa na kituta cha pili ndani ya mfereji kinachoonyesha kwamba nusu imekwisha na hazifai tena kwa barafu. Tairi nyingi za namna hiyo zinazouzwa kwetu zimeshapita hapo, na ndiyo maana wenyewe walizitoa. Huko huko theluji ilipo, wanaofunga mbili za baridi mbele na kuacha za kiangazi nyuma hujipata katika hatari ile ile niliyoieleza, kwa sababu mbele inashika na nyuma inateleza. Kwetu hesabu inageuka: kwenye joto na mvua, tairi ya kawaida ndiyo yenye mshiko bora, kwa hiyo ukiwa na mbili za theluji zilizobaki na ukanunua mbili za kawaida, za kawaida ziende nyuma, na zile za theluji ziwe mbele kwa muda mfupi tu wa kutafuta fedha za kuziondoa. Usichanganye kamwe aina mbili kwenye ekseli moja, yaani kushoto ya theluji na kulia ya kawaida.

Baada ya ukaguzi huo, uamuzi wenyewe si mgumu. Ikiwa mbili unazotaka kubaki nazo zina zaidi ya milimita 3, hazina nyufa wala uvimbe, na umri wake ni wa kuaminika, nunua mbili na uzifunge nyuma, hata kama zilizoisha zilikuwa mbele. Ikiwa zimeshuka chini ya milimita 3, mimi nisingenunua mbili, kwa kuwa utakuwa na gari lenye nyuma nzuri na mbele isiyoweza kusimama kwenye mvua. Afadhali ungoje mwezi mmoja, uendeshe polepole, kisha ununue nne. Ikiwa tofauti kati ya jozi hizo mbili ni milimita moja hivi, suala zima halina uzito mkubwa, ingawa zenye kina zaidi bado zina haki ya kwenda nyuma.

Subaru na magari mengine yanayotumia magurudumu yote manne kwa wakati wote yanahitaji tahadhari ya pekee. Tairi mpya ni kubwa kidogo kwa mzingo kuliko iliyolika, kwa hiyo ekseli mbili zitazunguka kwa mwendo usiolingana na kifaa cha katikati kitafanya kazi mfululizo hadi kichoke. Ushauri wa Subaru ni kwamba mizingo isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, ambayo ukiigawa hutoa takriban milimita moja tu ya kina. Hivyo mwenye Forester au Impreza ambaye tairi zake zimelika nusu hana budi kununua nne, na anayedhani ameokoa fedha kwa kununua mbili atazilipa kwa fundi wa giaboksi.

Hali moja hunifanya nisite. Anayeishi juu ya kilima cha udongo kule Vihiga au Nandi, au kwenye udongo mweusi wa tambarare za Kano, hukwama kila msimu wa mvua akiwa na tairi za mbele zilizolika, kwa sababu za mbele ndizo zinazolivuta gari. Mtu huyo ana sababu ya kutaka mpya mbele. Bado ningemwambia aziweke nyuma ikiwa mara kwa mara hupita lami kwa mwendo wa kasi, kwani kukwama kutamgharimu kuwaita vijana wasukume na kuwapa cha soda, ilhali kuzunguka barabarani hakuna bei inayojulikana. Ikiwa gari halivuki kilomita 50 kwa saa na kazi yake ni kati ya boma na soko, aamue mwenyewe.

Dukani na baada ya hapo

Mweleze fundi mapema, kabla hajalegeza nati hata moja, kwa kuwa kazi inaongezeka: zilizoko nyuma zitahamia mbele, mpya zitafungwa nyuma, na zilizoisha zitatoka kabisa. Mara nyingi mazungumzo huenda hivi:

"Mzee, hizi mpya tupige mbele?"

"Hapana, fundi. Zile za nyuma zilete mbele, mpya ziende nyuma."

"Lakini mbele ndiko kuna usukani, mzee."

"Ndiyo maana. Mbele ikiteleza nitaihisi mkononi. Nyuma ikiteleza nani ataniambia?"

Asipokubali, usibishane naye sana. Lipia kazi ya ziada na usimame hapo hadi iishe. Ikiwa tairi zina mshale wa kuonyesha upande wa kuzungukia, jozi inayohama ibaki upande wake, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia. Gari ambalo saizi ya mbele ni tofauti na ya nyuma, kama ilivyo kwa baadhi ya BMW na Mercedes-Benz, haliwezi kubadilishana, na hilo litabidi lipewe mpya pale pale zilipoishia. Tairi nne zote zipigwe balansi, si mbili mpya tu, kwa sababu zilizokuwa nyuma zikija mbele zitaleta kwenye usukani mtetemo ambao hapo awali hukuuhisi.

Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukikumbuka kwamba kiasi cha mbele na cha nyuma huenda si kimoja, na tairi zilizohama zimekuja na upepo wa mahali zilipotoka. Fundi akikazia "thelathini na tano zote", mwonyeshe kibandiko. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na kwa kilomita mia chache za kwanza uende taratibu kwenye mvua, kwa kuwa tairi mpya hutoka kiwandani na utelezi kidogo juu ya uso wake. Kuanzia hapo, badilisha mbele na nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, ukianza pale tofauti ya kina kati ya jozi hizo itakapokuwa imepungua, ili zote nne zilike pamoja na safari ijayo ununue nne kwa mkupuo.